Marekani: Mkongomani akihama jimbo, permi yake ya kuendesha gari haihami naye

Wakongomani wanaoishi Marekani na wanaohama kutoka jimbo moja kwenda lingine wanapaswa kurudisha permi yao ya kuendesha gari na kuomba nyingine katika jimbo jipya, hata kama ile ya zamani bado haijamaliza muda wake. Anayechelewa anaweza kulipishwa faini na kuingia katika matatizo na kampuni ya bima. Lakini hatari kubwa zaidi kwa mkimbizi iko kwenye dirisha la biro yenyewe, katika swali moja ambalo wengi hulijibu bila kulielewa.

Jambo hili linagusa familia nyingi za mashariki mwa Congo. Katika mwaka wa bajeti wa 2023, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mashirika ya kuwapokea ndiyo huchagua mji wa kwanza. Baadaye familia huhama zenyewe: wengine wanafuata ndugu, wengine kazi ya kiwanda, wengine nyumba ya bei nafuu. Na katika miji mingi ya Marekani, asiye na gari hafiki kazini.

Congo na Marekani si sawa

Nchini Congo, permi ni ya kitaifa. Mtu akitoka Bukavu kwenda kuishi Lubumbashi, anaendelea na permi ile ile. Marekani haina permi ya taifa zima. Kila moja ya majimbo 50 linatoa yake na kuweka sheria zake. Permi ya jimbo moja inakubaliwa katika mengine yote kwa mtu anayepita au anayetembelea ndugu, si kwa yule aliyekuja kukaa.

Muda wa kubadilisha hutofautiana. California inatoa siku 10. Kentucky, Ohio, Iowa na Maine zinatoa siku 30. North Carolina inatoa siku 60, na Texas siku 90. Arizona inataka mtu abadilishe mara tu anapokuwa mkaaji. Kwa kawaida, mtu huhesabiwa kuwa mkaaji akipanga nyumba, akianza kazi au akiandikisha watoto shuleni.

Makaratasi ya kubeba

Mwombaji huenda na permi ya zamani, karatasi inayoonyesha hali yake ya uhamiaji, yaani kadi ya kijani au I-94 kwa mkimbizi, nambari ya Social Security, na karatasi zenye adresi mpya kama mkataba wa nyumba au barua ya benki. Anapimwa macho, anapigwa picha, analipa. Kwa kawaida mtu mzima mwenye permi halali ya jimbo lingine hafanyi tena mtihani wa kuendesha. Aliyeiacha ikamaliza muda anaweza kurudishwa kwenye mtihani wa maandishi, na hata wa barabarani.

Katika majimbo mengi mtu hutoka na karatasi ya muda, na kadi yenyewe hufika baadaye kwa posta. Kwa hiyo jina lake linapaswa kuwa kwenye sanduku la barua la nyumba mpya. Huko Texas, mwenye gari lake huombwa pia kuonyesha kwamba gari limekwisha kuandikishwa katika jimbo hilo, na kwa gari muda ni siku 30 tu.

Majina huwachelewesha Wakongomani wengi. Mtu mwenye jina la ukoo, jina la pili na jina la ubatizo anaweza kukuta I-94 imeyapanga hivi na kadi ya Social Security imeyapanga vingine. Biro hulinganisha karatasi hizo na kumbukumbu za serikali kuu, na herufi moja ikipishana, mtu anaweza kuambiwa arudi siku nyingine.

Swali la uchaguzi

Sheria ya mwaka 1993 inazitaka biro za permi katika majimbo mengi kumpa mwombaji nafasi ya kujiandikisha kupiga kura. Swali huulizwa haraka, kwa mdomo au kwenye skrini, katikati ya maswali mengine. Mtu asiyejua vizuri Kiingereza anaweza kujibu ndiyo kwa heshima tu, kisha akatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba yeye ni raia wa Marekani.

Mkimbizi na mwenye kadi ya kijani si raia. Kujiita raia kwa uongo ni kosa zito katika sheria ya uhamiaji. Kunaweza kumkosesha mtu uraia miaka mingi baadaye, na hata kumfikisha mbele ya jaji wa kufukuzwa nchini. Asiye raia anapaswa kujibu hapana, na kuomba mkalimani kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi asiyoielewa. Aliyekwisha kujiandikisha kwa makosa anahitaji kuonana na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuomba uraia.

Adresi, faini na malori

Asiye raia ana wajibu mwingine: kuijulisha idara ya uhamiaji, USCIS, adresi yake mpya ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Kubadilisha permi hakuchukui nafasi ya fomu hiyo, na kujaza fomu hiyo hakubadilishi permi.

Faini iliyoachwa katika jimbo la zamani nayo haifutiki kwa kuhama. Barua ya korti huenda kwenye nyumba ya zamani, mwenyewe haioni, na permi inaweza kusimamishwa bila yeye kujua. Majimbo hupashana habari, na jimbo jipya linaweza kukataa kumpa permi mpaka deni limalizike.

Madereva wa malori hawapewi nafasi ya kuchagua. Sheria ya serikali kuu inawapa siku 30 kuhamisha permi yao ya kibiashara, popote walipohamia, na inawakataza kuwa na permi mbili.

Kwa wasafiri wa ndege, tangu tarehe 7 Mei 2025 viwanja vya ndege vinataka permi ya aina ya REAL ID hata kwa safari za ndani. Katika majimbo mengi hutambulika kwa nyota iliyo juu ya kadi. Kadi ya kijani pia inakubaliwa. Anayebadilisha permi kwa sababu ya kuhama anaweza kuomba aina hiyo siku hiyo hiyo, ili asirudi kupanga mstari mara ya pili.