Filamu fupi za tamasha ziingie sebuleni Kanda ya Ziwa

Tangu mwaka 1998, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likiwakutanisha watengenezaji na watazamaji Mji Mkongwe, na kwa miaka mingi maonyesho yake makubwa yamefanyika Ngome Kongwe. Kwa mkazi wa Kirumba au Igogo hapa Mwanza, au wa Ukerewe, kufika huko kunadai safari ndefu ya basi hadi Dar es Salaam, kisha nauli ya boti na malazi. Ndiyo maana filamu za tamasha huku huonekana mambo ya wenzetu. Hata hivyo, filamu fupi, zile za dakika ishirini hivi, zinatufikia kwa simu, na kuzitazama nyumbani si kuokota makombo ya tamasha. Ni kujenga watazamaji, na bila watazamaji Kanda ya Ziwa haitapata filamu zake yenyewe.

Ushahidi ni filamu zenyewe. "Pumzi" ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotengenezwa mwaka 2009 na kuonyeshwa tamasha la Sundance mwaka uliofuata, inaonyesha ulimwengu ambamo maji hupatikana hata kwa kuchuja jasho. Asha, mhusika mkuu, anapata udongo wenye uhai, anatoroka nao jangwani, anaumwagilia mche uliochipua humo maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Sisi tuliolelewa na ziwa, na kuliona likivamiwa na gugumaji, tunaielewa hofu hiyo ya kukosa maji bila mkalimani. "Watu Wote" ya mwaka 2017 inatokana na shambulio la basi kule Mandera, Kenya, mwezi Desemba 2015. Abiria Waislamu wanakataa kutengwa na Wakristo, na mwanamke mmoja Mkristo anasitiriwa kwa hijabu. Dakika 22 tu, kwa Kiswahili na Kisomali, ziliifikisha filamu hiyo kwenye orodha ya zilizoteuliwa kuwania Oscar.

Wapo watakaosema kioo cha simu kinaua filamu, na bando ni ghali. Ni kweli picha pana hupungua nguvu, na filamu hupendeza zaidi ikitazamwa na wengi. Lakini vibandaumiza vimetufundisha kwamba umati unaweza kufurahia picha kwenye luninga ya kawaida, na familia ikikaa pamoja mbele ya kioo kimoja, bando la mmoja linatosha wote. Wengine husema filamu fupi haishibishi. Ufupi wake ndio unaoruhusu kuirudia usiku uleule, kusimamisha palipotatiza na kubishana.

Tunahitaji mabishano hayo, hasa kuhusu picha zinazotuhusu sisi. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa "Darwin's Nightmare", aliyoipiga hapa Mwanza kuhusu biashara ya minofu ya sangara. Ilisambaa duniani, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani. Kemeo lilieleweka, ila picha hujibiwa kwa picha. Vyombo tunavyo, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kule Nyegezi imekuwa ikifundisha vijana taaluma ya habari kwa miaka mingi. Kijana wa hapa atathubutu kuupiga picha mwalo wa Igombe kwa jicho lake akijua majirani zake wataitazama filamu hadi mwisho, watamweleza palipopwaya, na watamdai nyingine.