Gari la Zamani, Gari la Kukodi na Njia ya Ulyankulu

Kila Desemba shule zinapofungwa, familia za Dar es Salaam na Dodoma zenye ndugu mkoani Tabora hukaa kujadili jambo lilelile. Gari la nyumbani, ambalo sasa lina miaka kumi na tano au ishirini tangu litoke kiwandani, litafika Ulyankulu na kurudi, au liachwe uani likodiwe jingine jipya zaidi? Aghalabu mjadala huamuliwa kwa kutazama mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Naona mwaka huo unatueleza kidogo mno. Safari ndefu hutegemea zaidi nani analijua gari na nani anaijua njia. Gari la zamani ambalo mwenyewe anajua limefunguliwa nini, limebadilishwa nini na lini, linafaa zaidi kwa sehemu kubwa ya safari hii kuliko gari la kukodi ambalo hakuna anayeweza kueleza historia yake. Kukodi kunakuwa na maana pale ambapo fedha inayotolewa inanunua ujuzi wa njia. Ikinunua bati linalong'aa tu, familia imelipia kitu ambacho hakitaisaidia ikifika porini.

Njia yenyewe imebadilika, na wengi bado wanapiga hesabu za zamani. Kutoka Dar es Salaam hadi mjini Tabora kwa kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi ni kilomita 840 hivi, na sasa zote ni lami. Kipande cha kati ya Nyahua na Chaya, chenye urefu wa kilomita 85 hivi, kilikuwa cha mwisho kuwekwa lami. Kabla ya hapo wenye magari madogo wengi walizunguka Singida na Nzega. Barabara ya vumbi ilikuwa ikimaliza shokapu na bushi. Lami ndefu inataka kingine: inaitaka injini izunguke kwa kasi ileile saa nyingi, jua likiwa utosini, huku gari limejaa watu na mizigo. Kutoka bonde la Bahi barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na hapo ndipo rejeta dhaifu huumbuka. Ukishapita Itigi unaingia katika vichaka na misitu ya miombo, makazi ni machache, na gereji ziko mbalimbali. Halafu kuna Ulyankulu yenyewe, wilayani Kaliua, ambako unaiacha lami na kukutana na udongo mwekundu unaoteleza na mbuga zenye udongo mweusi unaonasa tairi. Mvua za Tabora huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Kwa hiyo msimu ambao ndugu wengi husafiri ndio ambao njia ya mwisho huwa mbaya. Hizi ni safari mbili ndani ya moja, na kila moja inadai chake kwa gari.

Tuanze na ile ya lami, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kulihukumu gari la zamani. Chuma cha injini iliyobadilishwa oili kwa wakati huzeeka polepole sana. Mipira ndiyo inayozeeka upesi, pamoja na vimiminika na vitu vidogo vya plastiki vinavyokaa karibu na joto. Mfumo wa kupoza injini ni mfano mzuri. Mfuniko wa rejeta unashikilia mgandamizo ili maji yachemke kwa joto la juu zaidi kuliko kwenye sufuria. Springi yake ikilegea, maji huanza kuchemka mapema, ingawa rejeta haina tundu na feni inazunguka. Mpira wa maji unaonekana mzima kwa nje huku ndani umelainika, na mwendo wa mjini hauwezi kuufichua kwa kuwa hakuna anayekimbiza gari saa tano mfululizo Kariakoo. Mwenye gari anayejaza maji ya bomba mwaka mzima badala ya kulenti anaruhusu kutu iote ndani na kuziba njia nyembamba za rejeta. Gari la namna hiyo likichemsha Manyoni, watu husema ni uzee. Kwa hakika ni uzembe wa miaka mitatu uliosubiri mlima, na matokeo yake, gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopinda, yangezuiwa kwa vifaa ambavyo bei yake haifikii ya kukodi gari kwa siku chache.

Mkanda wa taimingi nao una hesabu yake. Injini nyingi za Toyota za miaka ya tisini, kama 5A na 3S, hutumia mkanda wa mpira ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Injini za baadaye kama 1NZ, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, hutumia cheni. Mwenye gari asiyejua lake lina kipi kati ya hivyo bado hajawa tayari kulipeleka Tabora. Tairi zina siri iliyoandikwa wazi ubavuni: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa kiwandani hutaja wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi lenye meno marefu linaonekana zuri sana dukani, nalo ni hatari kubwa kwenye lami yenye joto, maana mpira wake umekauka na unaweza kuachana na nyuzi zake gari likiwa kwenye kasi. Mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yakishikwa na joto la kushuka mlima, maji hayo hugeuka mvuke na pedali ikazama. Vyote hivi hukaguliwa kwa macho na spana, na fundi anayelifahamu gari anavimaliza kwa siku moja. Siku hiyo iwe wiki mbili kabla ya safari. Kazi ya gereji inayofanywa mkesha wa kuondoka nayo huleta ubovu, kwa sababu klipu isiyokazwa vizuri hujionyesha baada ya kilomita mia moja au mbili. Kwenda Morogoro na kurudi kabla ya siku yenyewe kunaonyesha mengi ambayo gereji haiwezi kuyaona.

Wapo watakaosema kwamba gari la kukodi ni jipya zaidi, kwa hiyo maswali haya hayalihusu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama magari ya kukodi ya kwetu yangekuwa yametoka kiwandani juzi. Mengi yameingia nchini yakiwa yametumika tayari, kama yale ya nyumbani, kisha yakapita mikononi mwa madereva wengi ambao hakuna hata mmoja atakayelipia injini ikinoki. Mita inaonyesha kilomita. Haionyeshi ni mara ngapi gari liliendeshwa huku limechemsha. Wengine wanasema kampuni italeta gari jingine hilo likiharibika. Ahadi hiyo ina thamani Kibaha au Chalinze. Ukiwa umeegesha kati ya Itigi na Tabora na watoto wamo ndani, gari la kubadilisha likitoka Dar es Salaam litakufikia baada ya siku kwisha, wakati gari la kawaida la Kijapani lingepata pampu ya maji kwenye maduka ya spea ya mjini Tabora. Gari la aina isiyozoeleka, hata likiwa na miaka minne tu, hungoja spea ije na basi kutoka Kariakoo na hungoja fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake. Kwenye njia hii, gari ambalo kila fundi ameshalifungua lina faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo.

Njia hii ilishawahi kuujibu ubishi huu kabla ya injini kufika. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walikuwa na punda wa kuwabebea mizigo, na punda wengi walikufa njiani. Walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi walikufa mapema, msafara ukiwa bado karibu na pwani. Mizigo ilifikishwa Unyanyembe, eneo la Tabora, na watu wa kulipwa, na wengi wao katika biashara ile walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliozijua nchi, visima, watawala na desturi ya kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, Ugogo. Aliyekodi wapagazi alikodi na elimu yao. Aliyenunua mnyama wa bei kubwa alipata nguvu isiyojua inaenda wapi wala itakula nini. Hata hivyo ukodishaji ule nao ulikuwa na gharama iliyojificha. Wapagazi wa Kinyamwezi mara nyingi walipatana ujira wa safari nzima, lakini posho ilitolewa kila siku, msafara ukitembea au ukilala. Mwaka ule wa 1871, vita kati ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na Stanley akakaa Kwihara, karibu na Tabora, miezi mitatu hivi kabla ya kuzungukia kusini. Kila siku ya kungoja ilikula kitambaa na ushanga wake.

Hesabu hiyo ya posho ndiyo wengi wanayoisahau leo. Gari hukodiwa kwa siku. Familia inayotumia siku mbili kwenda, siku mbili kurudi na siku sita kukaa na wazee italipia siku kumi, ingawa kwa sita gari litakuwa limesimama chini ya mwembe, na juu yake kuna mafuta, chakula na malazi ya dereva. Gari lako likisimama halikudai kitu. Nakubali kwamba gari la nyumbani si la bure. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,900 hivi ukiongeza mizunguko ya kule: karibu asilimia tano ya maisha ya tairi zinazodumu kilomita 40,000, na karibu asilimia arobaini ya muda wa oili inayobadilishwa kila kilomita 5,000. Hizo ni gharama halali za safari na ziandikwe. Mkanda uliopitiliza muda wake na mipira iliyochoka usivihesabu humo. Ni deni ambalo gari lilikuwa linadai hata kama ungebaki nyumbani. Na thamani ya gari la miaka kumi na minane ilishashuka zamani. Kilomita hizi haziishushi tena kwa kiasi cha kukosesha usingizi.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la ajali. Gari la kisasa lina breki zisizofunga tairi, mifuko ya hewa na bodi iliyoundwa kumlinda abiria, na gari la miaka ya tisini huenda halina hata kimoja. Hilo ni kweli na halifidiwi na ufundi wa gereji. Ndiyo maana hoja yangu ina mpaka: gari lenye kutu kwenye chasisi, lisilo na mikanda inayofanya kazi viti vya nyuma, au linalovuta upande likifunga breki, lisiende kokote, liwe la nani. Vilevile gari ulilolinunua mwezi uliopita, bila kujua lilikopita, kwako ni sawa na la kukodi. Ila anayekodi kwa ajili ya usalama akague usalama huo kwa macho yake. Taa ya mifuko ya hewa iwake na kuzimika ufunguo unapogeuzwa, tairi zisomwe tarakimu zake, na karatasi za bima zitazamwe. Bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine tu. Bima ya matumizi binafsi inaweza kukataa dai ikibainika gari lilikuwa la kukodishwa, na gari linalobeba abiria kwa malipo linatakiwa kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Magari mengi "ya kukodi" mitaani ni ya jirani wa jirani, hayana hayo, na anayeyachukua anabeba hatari ambayo hakuilipia. Uchovu wa dereva nao haujali umri wa gari: kulala Dodoma au Manyoni kunafaa kwa magari yote.

Kinabaki kipande cha mwisho, na hapo ninapendekeza kukodi bila kusita. Misafara ya karne ya 19 ilivunjwa na kuundwa upya Unyanyembe. Wapagazi walilipwa na wengine wakaajiriwa kwa safari ya mbele, kwa sababu njia ya kwenda ziwani ilikuwa na mambo yake. Msafiri wa Desemba anaweza kufanya vivyo hivyo. Alilete gari lake la zamani hadi mjini Tabora, aliegeshe kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni yenye mlinzi, fundi alitazame kwa ajili ya kurudi, kisha akodi gari la juu la pale pale pamoja na dereva anayeingia Ulyankulu kila wiki. Dereva huyo anajua ni mbuga gani imejaa maji tangu juzi, ni wapi pa kuzungukia, na ni nani mwenye trekta la kumvuta akikwama. Malipo yapatanwe kwa kupelekwa na kufuatwa, ili siku za katikati asidaiwe kitu, na isemwe mapema nani atalipia trekta. Kama mvua haijanyesha siku kadhaa na madereva hao hao wanasema hata gari dogo linapita, basi aendelee na lake, akiwa na koleo na tairi la akiba lenye upepo, na aondoke asubuhi.