Mdomo Ndio Ilikuwa Faili

Wasee wengi wa Kisii tao hudhani rekodi ya meno ni ile kadi unapewa hosi. Zii. Kabla karatasi ifike huku Gusii, watu walikuwanga wanatembea na faili ndani ya mdomo, na ilifunguka kila wakicheka.

Cheki venye tumezungukwa. Ukishuka Oyugis ni Wajaluo, na wazee wao waling'olewanga meno sita za chini wakiwa vijana, ndio wahesabike kwa jamii. Ukipita Nyamira utokee Sotik ni Wakipsigis. Ukienda Kilgoris ni Wamaasai. Hao wote wawili walitoanga mbili, chini katikati. Sasa jichoree soko ya mpakani, wimbi huku, ng'ombe kule. Mgeni anafungua mdomo ataje bei, na kabla amalize ushanyaka ametoka pande gani. Na hiyo pengo ilikuwa na kazi ingine noma: Wamaasai walijua pepopunda ikifunga taya, mgonjwa anapitishiwa maziwa hapo. Kitambulisho na dawa, shimo moja!

Afu mzungu akaleta kipande, sheria ya 1915. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kuendelea anachapwa alama za vidole, anavalishwa kikopo cha chuma shingoni. Hiyo inaniuma hadi leo. Faili ya mdomo ilikuwa ya jamii yako. Hii ya shingoni ilikuwa ya bosi.

Na usidhani kukosa karatasi ni kukosa ujuzi. Huku kwetu kulikuwa na omobari omotwe, fundi wa kufungua fuvu la msee amegongwa kichwa, na wagonjwa wake wengi walikuwa wanapona. Madaktari wa ng'ambo walikuja kumcheki akifanya kazi. Hakuwa na daftari. Alifunzwa na fundi mzee, na kovu kichwani kwa mgonjwa ndio ilikuwa ripoti.

Hata mathee na buda wetu walisajiliwa shule kwa mwili. Hakuna cheti cha kuzaliwa? Pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande ule mwingine. Ukifikia, ingia darasa. Kenye mwalimu hakuwa anacheki ni mdomo, na kwa miaka sita hivi ndio gego la kwanza la ukubwani hutoka, huko nyuma ya meno zote za utoto, bila kung'oa yoyote.

Hiyo jino iko na namba. Mwaka 1861, Adolf Zsigmondy wa Vienna aligawa mdomo robo nne na kuhesabu meno kutoka katikati, moja hadi nane. Siku hizi madaktari huongeza namba ya robo mbele: juu kulia kwako ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4. Kwa hivyo ile gego ya chini kulia, ya sita kutoka katikati, ni 46. Ukiandikiwa 46 kwa buku yako ya hosi pale Keroka, daktari wa Mombasa anaisoma bila kukuuliza swali.

Ndio maana msee akiniambia "ile jino ya huko nyuma inaniua", namshika hapo hapo: juu ama chini? Kulia ama kushoto? Ya ngapi kutoka katikati?