Gofu la udongo halingoji: safari ya Tabora



Shemeji yangu aliishi Ufaransa miaka kadhaa, na kila akija likizo alikuwa akinionyesha picha za matembezi yake ya mashambani: ngome za mawe juu ya vilima, abasia za watawa zilizobaki kuta tupu, minara iliyoota majani. Huko, asema, ni kawaida watu Jumapili kuchukua watoto na kapu la chakula wakaenda kutazama gofu la jirani. Mara ya mwisho aliniuliza: "Sisi huku bara tuna nini, shemeji? Pwani kuna Kilwa na Kaole. Lakini ukishapita Morogoro, watu wa kale walituachia nini?" Sikumjibu kwa maneno. Tulipanda gari moshi tukaenda Tabora.

Nawasimulia safari hiyo leo kwa sababu swali lake ni la wengi wetu tunaokaa mijini.

Kwanza tukumbuke Tabora ilikuwa mahali gani. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo ikagawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuelekea Manyema, nyingine ikaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Katika njia panda hiyo wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walijenga makazi yao, mahali palipoitwa Kaze, ambapo leo ni Tabora. Kutoka pwani zilikuja nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya na bunduki. Kwenda pwani zilikwenda pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Si wote waliopita njia hii walipita kwa hiari yao, na jambo hilo hapana budi lisemwe kila njia hii inapotajwa.

Lakini wengi wa waliobeba mizigo walikuwa Wanyamwezi wenyewe, wapagazi wa kulipwa, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado hajakomaa. Richard Burton na John Speke walipokuja mwaka 1857 walitembea siku 134 tangu pwani hadi Kaze. Reli ya kati, ambayo sehemu kubwa inafuata uelekeo wa njia ile ile, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi ikafa, na msafiri wa leo huipita dirishani nchi ile ile, mara nyingi akiwa usingizini.

Asubuhi yake tulikodi teksi hadi Kwihara, kilomita kama sita kutoka mjini. Huko ndiko liliko tembe linaloitwa la Livingstone. Shemeji alishuka, akatazama kuta nyekundu za udongo na mlango wa mbao uliochongwa nakshi, akasema: "Ndiyo hii?"

Sikumlaumu. Macho yaliyozoea ngome ya mawe lazima yafundishwe kutazama tembe. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye ua katikati. Kuta zake ni nene, za udongo, na paa lake si la mgongo bali ni bapa: boriti hulazwa juu ya kuta, fito zikapangwa juu ya boriti, kisha udongo ukashindiliwa juu ya fito. Ndani mna ubaridi jua likiwaka na vuguvugu usiku wa kipupwe. Ukifunga mlango wa mbele, nyumba yote ni boma. Wageni wa pwani walikuta ujenzi huu bara, wakauongezea baraza, vyumba vikubwa na milango ya nakshi.

Ubaya wake ni mmoja. Tembe linataka mkono wa mtu kila mwaka. Paa likipasuka masika moja bila kuzibwa, maji huingia. Boriti zikiloa, mchwa huzila. Paa likianguka, kuta hubaki wazi, na mvua za miaka michache huzirudisha ardhini. Hapatabaki mnara wala tao la kupiga picha. Patabaki kichuguu kirefu, na mwaka wa pili mtu atapanda mihogo juu yake. Ndiyo sababu bara yetu yaonekana kama haikujengwa. Ilijengwa sana, ila kwa kitu kisichongoja. Hata tembe hili la Kwihara si lile la mwanzo. Lilijengwa upya katika miaka ya 1950.

Na wala tusidhani kwamba mawe hujilinda yenyewe. Kanisa la abasia ya Cluny lilikuwa miongoni mwa makanisa makubwa kuliko yote ya Ulaya. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, likabomolewa kwa miaka mingi na mawe yake yakauzwa ya kujengea. Leo kimebaki kipande kidogo tu. Wafaransa walipoona hasara hiyo na nyingine kama hiyo, mwaka 1830 waliweka mkaguzi wa serikali wa majengo ya kale. Magofu anayoyasifu shemeji yamesimama kwa sababu kuna watu wanaolipwa kuyasimamisha.

Tuliingia ndani, tukaketi uani, nikamweleza yaliyopita pale. Nyumba hii ilikuwa ya Said bin Salim, liwali wa Sultani wa Unguja. Henry Stanley alipofika Juni 1871 akimtafuta David Livingstone, alipewa nyumba hii akae. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa akipigana na Waarabu wa Tabora kwa ajili ya biashara na ushuru. Stanley akajitia katika vita hiyo upande wa Waarabu, wakashindwa, na Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora akateketeza sehemu ya mji. Stanley akazunguka kusini, akamkuta Livingstone Ujiji, wakarudi wote Kwihara Februari 1872. Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki akingoja wapagazi, akaondoka Agosti 25, 1872. Hakurudi akiwa hai.

Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba kwenda pwani. Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza mwingine, Luteni Cameron. Cameron aliwashauri wamzike papa hapa, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Wakakataa. Wakaendelea na safari, wakaufikisha mwili Bagamoyo Februari 1874, na Aprili ukazikwa London katika Westminster Abbey.

Shemeji alikaa kimya, kisha akasema: "Westminster nimefika. Nimelikanyaga jiwe lake. Sikujua kwamba lilianzia kwa watu waliosema hapana mahali kama hapa." Nami nikamwambia ndiyo maana tumekuja. Nyumba tunaiita ya Livingstone, lakini yeye alikuwa mgeni ndani yake. Waliojenga, waliopika, waliobeba na waliokataa walikuwa watu wa nchi hizi, na habari zao hazihitaji jengo lingine. Zimo humo humo.

Ukishajua kutazama hivyo, Tabora inajaa magofu. Boma la Wajerumani limesimama mjini hadi leo. Limetumiwa na jeshi, kwa hiyo uliza kabla hujatoa kamera. Karibu na mji palikuwa na ngome ya Mtemi Isike, aliyewashinda Wajerumani mara kadhaa mwaka 1892. Januari 1893 walipoivunja, Isike alijilipua kwa baruti yake kuliko kukamatwa. Walimkuta bado ana uhai, wakamnyonga. Magharibi, huko Urambo, ndiko alikotawala na kuzikwa Mirambo, aliyefariki Desemba 1884. Na neno lenyewe "ikulu", tunalolisikia kila siku katika taarifa ya habari, limetoka huku: ndiyo makao ya mtemi kwa Kinyamwezi. Kuta zimeanguka, neno limehamia Magogoni na Chamwino.

Tena kuna miembe. Kando ya njia ya zamani utaikuta imepangana, minene kama nyumba, na wenyeji husimulia kuwa iliota kwa kokwa za wasafiri. Sehemu moja tulikuta kisiki kipya, bado kinatoa utomvu. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alituambia umekatwa kupisha kiwanja. "Mlikuwa mnautafuta?" akauliza. Shemeji akamjibu, "Ndiyo, mzee, ila tumechelewa." Mzee akasema, "Mngekuja juzi mngepumzika kivulini."

Ndugu wasikilizaji, sheria ya mambo ya kale tunayo tangu mwaka 1964, na inalinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mwaka 2006 serikali yetu iliipeleka njia hii ya misafara UNESCO, iwekwe katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Hayo ni mema. Lakini sheria haikandiki ukuta, wala orodha haizibi paa kabla ya masika. Anayefanya hivyo ni fundi mwenye udongo, na fundi hulipwa ikiwa wako watu wanaofika mlangoni, wakalipa kiingilio na kuuliza maswali.

Basi likizo ijayo, kabla ya kusema hatuna kitu, wachukueni watoto mwende Tabora. Chukueni maji ya kunywa na viatu vya kutembelea. Mfikapo Kwihara msiulize tu Livingstone alilala chumba gani. Ulizeni pia nani alikandika ukuta, na lini mara ya mwisho.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.