Chombo Kipimacho Mto

Wapare ni watu waliozoea kuyapima maji. Tangu zamani koo zao zilijenga ndiva, yaani mabwawa madogo yajazwayo usiku na kufunguliwa asubuhi, ili kila shamba lipate fungu lake. Huko ni kupima uchache wa maji. Hapa twataka kusoma jinsi wingi wake upimwavyo.

Ninyi mkaao Ndungu na Maore mwajua ya kuwa mvua yaweza kunyesha sana juu milimani, na huku chini tambarareni jua likawaka. Mito kama Yongoma na Hingilili huteremka kwa kasi. Basi mtu aweza kulala pasipo kuona hata tone moja la mvua, akaamshwa na maji mlangoni.

Desturi ya kale ni kusimamisha majini ubao wenye alama, na mtu kwenda kuusoma. Huko Misri, katika kisiwa cha Roda mjini Kairo, iko nguzo ya mawe yenye alama iliyojengwa mwaka 861 ili kuupima mto Nile. Ubao ni kitu chema, na hata leo watumika katika bonde la mto Pangani; ila mafuriko hayangoji asubuhi, na msomaji wa ubao ni mwanadamu, hulala.

Kwa hiyo watu wamebuni chombo kisicholala. Ni kisanduku kifungwacho chini ya daraja, kikielekea maji. Hutoa sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa masikio yetu, nayo hugonga uso wa maji na kurudi kama mwangwi. Popo hufanya vivyo hivyo gizani. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu 2 katika sehemu 100 za sekunde. Sauti imekwenda mita 6.8, kushuka na kupanda. Maana yake maji yako mita 3.4 chini ya chombo. Ikiwa chombo kimefungwa mita 5 juu ya sakafu ya mto, kina cha maji ni mita 1.6. Sasa fanyeni ninyi: mwangwi ukirudi baada ya sehemu 1 tu katika 100, kina ni mita ngapi? Mtaona kwamba kimezidi mara mbili.

Hesabu hiyo hupelekwa mbali kwa njia ya simu za mkononi, na nguvu ya chombo hutoka katika jua. Lakini kisidhaniwe kuwa hakitaki mlinzi. Buibui akitanda utando mbele yake, mwangwi hurudi kabla ya wakati, nacho husema mto umejaa. Mchanga nao hulundikana na kuinua sakafu, hata kina kilichoandikwa kisiwe cha kweli.

Tena hesabu peke yake haimwokoi mtu. Yawapasa wakuu wa mahali wapatane mapema, kabla ya masika: maji yakifika alama hii, kengele ipigwe, yakifika ile, watu wahame. Kando ya Pangani, mto mrefu, habari huweza kuyatangulia maji kwa saa nyingi. Katika vijito vya milimani muda ni mfupi mno, pengine dakika chache tu.

Na iko hatari isiyoonekana na chombo hiki kabisa. Mnamo Novemba 2009, huko Goha, Mamba Miamba, katika wilaya ya Same, mvua kubwa ililoweka mlima hata udongo ukaporomoka juu ya nyumba, wakafa watu zaidi ya 20. Hapo si mto uliopanda, bali ardhi iliyoshuka. Mahali kama hapo chafaa zaidi kipimo cha mvua, kisomwe kila saa wakati wa mvua nyingi, pamoja na macho ya watu watazamao nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, na chemchemi ambazo maji yake yamegeuka kuwa tope.