Foklifti Ipi kwa Ghala Lipi? Mambo ya Kuzingatia Kabla Chama Hakijanunua

Ndugu mkazi wa Kata ya Ntobeye, gunia la kahawa safi kwa kawaida lina uzito wa kilo 60. Magunia 20 yakipangwa juu ya paleti moja, uzito hufikia kilo 1,200. Mzigo wa namna hiyo huhitaji foklifti, yaani mtambo wenye mikono miwili ya chuma ya kuinulia mizigo. Hata hivyo, mitambo hii si ya aina moja, na chama cha ushirika kikikosea kuchagua, fedha za wanachama huishia kwenye chuma kisichotumika.

Toroli la paleti husukumwa kwa mkono na huinua mzigo sentimita chache tu kutoka sakafuni, lakini huweza kubeba takriban tani mbili. Hulitosha ghala dogo, mradi sakafu iwe ya saruji na tambarare. Kwenye udongo magurudumu yake hukwama.

Foklifti ya dizeli hufaa uwanjani, hasa kwa kupakia malori. Ndani ya ghala lililofungwa moshi wake ni sumu kwa wafanyakazi, na kahawa, ambayo hunasa harufu kwa urahisi, hupoteza ubora.

Foklifti ya betri haitoi moshi, hivyo hufaa ndani. Sharti lake ni umeme wa uhakika wa kuichaji kwa saa kadhaa.

Foklifti ya njia nyembamba hupita katikati ya rafu ndefu na baadhi hufikia mita 10 kwenda juu. Ghala lisilo na rafu halina kazi nayo.

Foklifti ya matairi makubwa hutumika kwenye ardhi mbovu, kama vile maeneo ya ujenzi.

Kwa upande wa usalama, foklifti nyingi hufanya kazi kama mizani: uzito wa nyuma husawazisha mzigo wa mbele. Kibao kilichobandikwa kwenye mtambo huonyesha uzito unaoruhusiwa. Mzigo ukizidi, au ukikaa mbali na kifua cha mtambo, foklifti huweza kupinduka. Kwa hiyo, aendeshe dereva aliyefunzwa tu, na mtu yeyote asisimame chini ya mikono iliyoinuliwa wala kuipanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Kijana anayefanya kibarua cha kupakia asikubali kupandishwa juu ya mikono hiyo.

Kabla mkutano mkuu wa chama chako haujapitisha ununuzi, uliza maswali matatu: Sakafu yetu ikoje? Umeme upo? Mzigo wetu mzito kuliko yote una kilo ngapi? Iwapo majibu hayapatikani, ombeni kwanza ushauri wa Afisa Ushirika wa Halmashauri. Kuuliza hakugharimu kitu. Mtambo usiofaa hugharimu misimu kadhaa ya mavuno.