MBIO ZA BAISKELI ZA RWANDA: WENYEJI NA WAGENI

Msafiri aendaye kwa gari kutoka Kigali hadi Musanze hukutana njiani na vijana waliopakia magunia ya viazi au mikungu ya ndizi juu ya baiskeli, wakizisukuma kupanda mlima, kisha wakizirukia na kuteremka mbio. Katika nchi hiyo ya jirani zetu, yenye eneo la kilomita za mraba 26,338 na tambarare haba, baiskeli ilikuwa punda wa mkulima kabla haijawa chombo cha michezo. Hatustaajabu basi kwamba mbio za kuizunguka nchi, yaani Tour du Rwanda, huwatoa watu majumbani kwa maelfu na kuwapanga kando ya barabara, wazee kwa watoto, pasipo tiketi wala kiingilio.

Mbio hizo zilianza mwaka 1988, na mshindi wa kwanza alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Mwaka uliofuata alishinda Omar Masumbuko, na mwaka 1990 Faustin Mparabanyi. Kisha kimya. Mnamo Oktoba 1990 vita viliingia nchini, na mwaka 1994 yakafuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo hatuna haja ya kuwasimulia wasomaji wa nchi hizi za Maziwa Makuu. Barabara za mashindano zikawa barabara za wakimbizi. Miaka kumi ilipita bila mbio.

Zilipofufuliwa mwaka 2001, Bernard Nsengiyimana ndiye aliyeshinda. Lakini zama zile hasa zilikuwa za Abraham Ruhumuriza. Alishinda mara nne mfululizo, tangu 2002 hadi 2005, akarudia tena mwaka 2007. Aliyemkatiza mwaka 2006 alikuwa Mkenya, Peter Kamau, na jambo hilo twalitaja kwa furaha ya ujirani. Mwaka 2008 ikawa zamu ya Adrien Niyonshuti, ambaye ndugu zake sita waliuawa mwaka 1994. Kijana huyo ndiye aliyebeba bendera ya Rwanda katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012.

Mwaka 2009 mbio ziliingizwa katika kalenda ya shirika la dunia la mchezo wa baiskeli, na mara moja wageni wakaanza kuvuna. Mmoroko Adil Jelloul alitangulia, akafuatiwa mwaka 2010 na Daniel Teklehaimanot wa Eritrea, yule ambaye mwaka 2015 alivaa jezi ya mfalme wa milima katika mbio kuu za Ufaransa. Baada yao walikuja Mmarekani mmoja na Waafrika Kusini wawili. Wenyeji walingoja hadi mwaka 2014, Valens Ndayisenga alipowarudishia ushindi akiwa na umri wa miaka 20. Akafuata Jean Bosco Nsengimana, kisha Ndayisenga tena, halafu Joseph Areruya mwaka 2017 na Samuel Mugisha mwaka 2018. Miaka mitano, na jezi ya manjano haikutoka nyumbani.

Lakini mwaka 2019 mbio zilipandishwa daraja, na timu kubwa za Ulaya zikaja na mafundi wao, madaktari wao na baiskeli ambazo bei yake yaweza kujenga nyumba. Tangu hapo hadi mwaka 2025 hakuna Mnyarwanda aliyezishinda. Faraja yao kubwa ilikuwa mwaka 2022, Moïse Mugisha aliposhinda hatua ya mwisho mjini Kigali.

Wapo wasemao kwamba hilo ni suala la fedha tu. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Katika miaka hiyo saba, minne ilikuwa ya Waeritrea: Merhawi Kudus, Natnael Tesfatsion mara mbili, na Henok Mulubrhan. Eritrea si nchi tajiri. Walichonacho ni mazoea ya vizazi, tangu enzi za Waitaliano, na vilabu vinavyoshindana mara kwa mara katika mitaa ya Asmara. Mapafu na miguu ya kupandia milima Wanyarwanda wanayo. Bali kukaa ndani ya kundi kubwa bila kuogopa, kukata upepo kwa zamu, kuteremka mwendo wa kasi katika kona, hayo hujifunzwa kwa kushindana majuma mengi ya mwaka, wala si kwa mbio moja ya siku nane. Kualika mabingwa ni jambo jema, ila hakuwezi kuchukua mahali pa mashindano madogo madogo ya wilayani.

Mnamo Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya ubingwa wa dunia, ambayo hayakuwahi kufanyika Afrika kabla ya hapo. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na mwinuko wa mawe uitwao Ukuta wa Kigali ulijaa watu pande zote mbili. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu, na wale waliochoka na kuachwa nyuma kabisa walishangiliwa sawasawa na yeye.